Aliyekamata Kisu

Kazi yangu ni kulisha mama za watu. Niko katika nyumba moja ya wazee huku Hässelby, mwisho wa njia ya kijani ya treni ya mji, na kwa miaka niliyokaa pale nimejua namna ya kumshawishi mtu aliyefumba mdomo. Unakaa chini ili macho yenu yalingane. Unazungumzia mvua. Unangoja. Kijiko kinaingia wakati mwenyewe ameshasahau kwamba alikuwa anakataa. Wenzangu kazini huniita mimi mzee akishawashinda wote, na mimi huenda nikiwa nimevimba kichwa kidogo, siwezi kukataa. Kwa hiyo fikiria hasira yangu mama yangu mzazi alipoketi jikoni kwangu, mbele ya kuku niliyemhangaikia tangu asubuhi, akaisukuma sahani kwa kidole kimoja.

"Nani alikamata kisu?" aliuliza.

Nilimwambia sijui, kuku ametoka dukani, ametoka kwenye friza, ameandikwa tarehe na kilo. Akaitazama sahani kana kwamba nimemwekea kiatu. Akanywa chai yake, akala kipande cha mkate, akainuka akaenda kulala.

Mama alikuwa amefika Uswidi mwishoni mwa kiangazi, baada ya safari ya makaratasi nisiyopenda kuikumbuka. Alikuja na rozari shingoni na sanduku dogo lililojaa vitenge, kwa sababu nyumba yetu ya Kasongo, huko Kongo, haikuwepo tena na ndugu walikuwa wametawanyika. Siku za mwanzo alikula vizuri. Majani yalipoanza kuanguka akaacha nyama. Kisha akaacha samaki. Nikampikia sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, bila samaki wala kitu, nikidhani nimepata dawa. Akaonja kwa ncha ya kijiko. Akaniambia kwamba sombe bila samaki ni chakula cha mbuzi, na kwamba yeye, hata kama amezeeka, hajaota pembe.

Muuguzi wa kituo cha afya alimpima uzito, akampima tena, kisha akanivuta pembeni na kuniambia kwa Kiswidi cha taratibu kwamba mama akiendelea hivi hatafika masika akiwa anatembea. Atalazwa, atalishwa kwa mpira. Nimeiona ile mipira. Najua inavyopita puani na najua macho ya mtu anayelala nayo. Niliogopa. Sikuwa na la kumlaumu mtu, niliogopa tu, nikarudi nyumbani nimeushika mkono wa mama kama ninavyoshika mikono ya wazee wa kazini, kwa kifundo, ili asianguke.

Lile swali lake halikuwa geni kwangu. Nyumbani kwetu Kasongo tulikuwa Wakatoliki wa kusali kila Jumapili, lakini sikuwahi kumwona baba yangu akichinja hata jogoo. Sikukuu ikifika, iwe Krismasi, iwe ubatizo, iwe kilio, aliitwa mjomba wa mama. Huyo alikuwa Mwislamu, mwenye kofia nyeupe iliyogeuka rangi ya chai kwenye ukingo. Alikuja na kisu chake kimefungwa katika kitambaa. Alimgeuza mnyama upande anaoujua yeye, akataja jina la Mungu, akakata, akakiosha kisu, akaenda kukaa barazani kungoja chakula. Ukoo wetu ndivyo ulivyokuwa. Nyanya yake mama aliletwa Maniema akiwa mtoto mdogo, katika msafara wa wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliotoka pwani. Alikulia nyumbani kwao, akasali kama wao, akasema Kiswahili chao. Wamisionari walipofungua shule, baadhi ya watoto wake walibatizwa ili wasome, wengine wakabaki msikitini na baba yao. Kisu kilibaki upande wa msikitini, na sisi watoto tuliona ndivyo dunia ilivyopangwa.

Basi nikajiambia, mama anataka nyama ya halali, mbona jambo rahisi. Siku yangu ya mapumziko nikapanda treni hadi katikati ya mji, nikabadili kwenda njia nyekundu, nikashuka Fittja. Pale karibu na msikiti kuna duka la nyama ambalo Waafrika wote wa upande ule wanalijua. Nikanunua kuku, nikanunua nyama ya mbuzi yenye mifupa, nikarudi na mifuko miwili ikinikata vidole. Nilipika kwa furaha. Nyumba ilinukia hadi kwenye ngazi.

"Nani alikamata kisu?"

"Mwislamu, mama."

"Nani?"

"Mwislamu! Mwislamu wa Fittja!"

"Jina yake?"

Nikamsogezea mchuzi.

"Weye unamujua?"

"Mama, hapa hakuna mtu anayemjua!"

Akaisukuma sahani. Nikatupa kijiko kwenye sinki kwa nguvu, kikalia hadi mimi mwenyewe nikashtuka. Mama hakushtuka. Alikuwa anachezea rozari yake na kutazama dirisha, ambako saa tisa za mchana kulikuwa kumeanza kuwa giza.

Ila safari ile ya Fittja ilikuwa imenipa kitu kingine. Kando ya mzani wa muuza nyama palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili, na Kiswahili kikiwa kimebandikwa ukutani katika nchi hii lazima usimame ukisome. Ilisema kuna kikundi cha kusoma, Jumanne jioni, katika chumba cha maktaba. Habari ni kuinuka kwa dola za Kiislamu, biashara zao, na walivyoishi na watu wa dini nyingine. Kahawa ipo. Waswidi wana utaratibu huo mzuri, watu wachache wakitaka kujifunza jambo lolote hupewa chumba na birika. Mimi historia sikuwahi kuipenda. Nilienda kutafuta silaha za kumshinda mama.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Ujiji, ng'ambo ya ziwa kutoka kwetu. Alifundisha sekondari huko kwao, kisha huku akaendesha basi mpaka akastaafu, na sasa alikuwa anafundisha tena kwa sababu, alisema, kimya cha nyumbani kwake kilikuwa kinampigia kelele. Alikuwa amechora ramani nyuma ya karatasi ya kubandikia ukutani, ndefu kiasi kwamba ilibidi iwekewe vikombe kila pembe isijikunje. Tulikuwa Wakongo, Wakenya, Mrundi mmoja, wengi wetu Wakristo, na tulikaa tukizungusha kahawa na mikate ya mdalasini.

Niseme kweli, vipindi vile nilivisikia nusu nikiwa macho. Nilikuwa ninatoka zamu ya asubuhi, mwili wote umechoka, chumba kina joto, sauti ya Mwalimu ni nzito na haina haraka. Alianza na miji midogo ya Hijazi na misafara ya ngozi na zabibu kavu, na kichwa changu kikaanza kuinama. Nilipoinua macho, watu wale wa misafara walikuwa wanatawala kutoka bahari ya magharibi hadi milima ya Waajemi, yote ndani ya umri wa mzee mmoja. Nikaona haya kwa kulala wakati dunia nzima inatekwa.

"Sasa fikirini," Mwalimu alisema. "Umeuteka mji wa Damaski. Karibu wote waliomo ni Wakristo. Makarani ni Wakristo, hesabu zimeandikwa kwa Kigiriki, hujui hata ghalani mna nini. Utafanya nini?"

"Unawaajiri," alijibu Mkenya mmoja, mhandisi, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu.

"Ndivyo. Waliwaacha makazini mwao. Wakawaachia makanisa, wakawatoza kodi ya kichwa. Na nyinyi mtashangaa, wapo magavana walionung'unika watu waliposilimu."

"Kwa nini?"

"Kodi ilipungua."

Tukacheka. Mwalimu akainua mkono. "Msicheke sana. Baadaye walikuja watawala waliobomoa makanisa, na waliowalazimisha watu kuvaa nguo za kuwatenga barabarani. Dini ni ile ile. Ilitegemea nani amekaa kitini, na anaogopa nini."

Mkongo mwenzangu mmoja, mtu mzima, mhubiri wa kanisa la kilokole, aliweka kikombe chake chini. "Franchement, kusema kweli, Mwalimu. Hawa ndio balifunga babu zetu minyororo. Sasa miye nikae hapa nibasifu?"

Mimi nikaamka kabisa, maana nilimfikiria nyanya yake mama, mtoto mdogo katikati ya watu wazima wanaotembea.

"Ni kweli," Mwalimu alisema. "Ile njia ilipita mlangoni kwetu Ujiji. Wazee wangu waliwauzia maji na samaki, sijui na nini tena. Sikuwaita mje kusifu, ndugu yangu. Nimewaita mje kujua."

Kisha akaisogeza ramani juu, akaweka kidole hapa tulipokuwa tumekaa. Alisema watu wa nchi hii, enzi za makhalifa wa Baghdadi, walishuka kwa mito mikubwa hadi kwenye masoko ya mashariki. Walipeleka manyoya, nta na asali. Walipeleka pia watu, waliokamatwa kwenye misitu ng'ambo ya bahari hii hapa, wamefungwa. Wakarudi na fedha, sarafu nyembamba zenye maandishi ya Kiarabu, na fedha ile bado inafukuliwa mashambani kwao kila wakulima wanapolima. Mhubiri aliitazama ramani muda mrefu. Akaomba aongezewe kahawa.

Usiku ule, katika treni ya kurudi, nilisinzia kichwa kikiegemea kioo. Niliona misafara miwili. Mmoja ulikuwa unapita katika nyasi ndefu za kwetu, mwingine katika theluji, na watu waliofungwa katika yote miwili walikuwa wanatazama chini, hawaonani. Mtoto aliyekuwa nyuma kabisa katika ule wa nyasi alikuwa na mdomo wa mama yangu, umefumbwa vile vile. Nilitaka kukaa chini macho yetu yalingane nimpe kijiko, lakini treni ikatangaza kituo, na kila nilipofumba macho tena niliuona ukuta wa mwamba tu ukipita.

Jumamosi Mwalimu alitupeleka kwenye makumbusho tuone zile sarafu. Nikaenda na mama, nimemvisha koti langu la baridi lililomfika visigino. Kabla hatujatoka nilisimama mlangoni, viatu miguuni, mkono kwenye kitasa, nikisikiliza. Jirani wa mlango wa mbele alikuwa anashuka na mbwa wake.

"Unangoja nini?" mama aliuliza.

"Apite kwanza."

"Juu ya nini?"

"Ndivyo wanavyofanya hapa, mama. Watu hawapendi kukutana kwenye ngazi."

Mama alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Makumbusho yalikuwa na mwanga mdogo, na sarafu zilikuwa zimelala kwenye kioo kwa mamia, zingine nzima, zingine zimekatwa vipande. Mwalimu, tuliyemkuta ameshaanza kuzungumza hata nafasi ya salamu haikupatikana, alitueleza taratibu. Makhalifa wa mwanzo waliendelea kutumia sarafu za Warumi na za Waajemi, zenye sura za wafalme, zenye misalaba na moto, kwa sababu watu walizizoea sokoni. Kisha khalifa mmoja wa Damaski akaamua sura zote zitoke. Yakabaki maneno tu, kwamba Mungu ni mmoja, na jina la mji na mwaka. Hata yeye mwenyewe hakujiweka. Nikawaza juu ya kipande kile kilichosafiri kutoka mkono hadi mkono, kwa Waislamu, kwa Wayahudi, kwa Wakristo, hadi kwa watu walioabudu miti, na hakuna aliyekikataa. Niliona kama ndoto ya mtu mwingine ambayo nimeingia kwa bahati mbaya.

Mama alikuwa ameinama, pua karibu iguse kioo.

"Hii ni maandiko ya kwa mujomba," alisema. Hakujua kuyasoma, lakini aliyajua kwa macho, kutoka ukuta wa nyumba aliyochezea utotoni.

Nikamweleza kwamba watu walizifukia ardhini ndani ya vyungu, labda kwa kuogopa vita, na wengi hawakurudi kuzichukua.

Mama akafikiri. "Alizika peke yake," alisema. "Hakukuwa na jirani wa kuambia."

Kisha akaanza kulalamika kwamba viatu vinambana na kwamba nchi hii inatunza vitu vya wafu kuliko miguu ya walio hai. Tukarudi nyumbani.

Nilimwelezea Mwalimu shida yangu tukiwa tunaosha vikombe, Jumanne iliyofuata. Akacheka mpaka akajifuta macho, halafu alipoona sura yangu akaacha. Akaniambia kwamba kuhusu dini hakuna tatizo kubwa, kwamba wapo wanazuoni wanaosema Mwislamu anaweza kula alichochinja Mkristo, kwa kuwa ni watu wa Kitabu, na wapo wanaoweka masharti, na ubishi huo ni wa tangu enzi zile za Damaski. Nikakimbia nayo nyumbani kama mtoto aliyepata jibu la mtihani. Nilimweleza mama habari yote, makhalifa, wanazuoni, Kitabu. Mama alisikiliza kwa heshima.

"Bon, ni sawa," alisema. "Na ile kuku, nani alikamata kisu?"

Nikamwalika Mwalimu, akaja Jumapili, baada ya misa. Nilikuwa nimepika mbuzi wa Fittja, wali, na ndizi. Alivua viatu mlangoni, akavua na kofia ya sufu, akamwendea mama akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akajibu.

Nilisimama na mwiko mkononi. Kwetu hatusalimiani hivyo. Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mama akilitamka neno lile. Lilitoka kwake bila kutafutwa, limekaa humo tangu kwa nyanya yake, na sauti iliyolitoa ilikuwa ya msichana.

Wakazungumza. Mwalimu alimtajia Ujiji, mama akamtajia Kasongo, wakawa wanahesabu vituo vya njia ya zamani kana kwamba walikuwa wameipita wiki iliyopita. Chakula kikaja mezani. Mama akakunja mikono. Akauliza swali lake, safari hii kwa Mwalimu.

Angeweza kudanganya. Nilimkodolea macho nikimwomba adanganye. Lakini yeye aliitazama nyama, akatikisa kichwa.

"Mama, sikufichi. Mnyama huyu amechinjwa kiwandani, mbali. Hata muuza nyama hamjui aliyeshika kisu."

Nikaona mpira, pua, kitanda cheupe. Mama akamgeukia.

"Weye utakula?"

"Mimi nitakula, mama. Nina njaa."

"Basi kula."

Mwalimu akanawa, akasema bismillahi, akala. Akatafuna taratibu, akachukua tena, akasema chumvi imekaa vizuri. Mama alimfuata kwa macho kutoka sahani hadi mdomo. Kisha akanyoosha mkono, akachagua kipande chenye mfupa, akala. Akala na wali. Akala na ndizi. Akavunja mfupa akanyonya uboho. Mimi niliingia bafuni nikafungua bomba ili wasinisikie nikilia.

Jumapili tatu nne zikapita hivyo. Jumatatu mama aliweza kumalizia kilichobaki cha Jumapili, Jumatano akarudi kwenye chai na mkate. Muuguzi alisema mshale wa mizani umesogea kidogo. Kisha Mwalimu akasafiri kwenda kwao Ujiji, kama alivyozoea kila baridi inapochachamaa, na mama akafumba mdomo tena. Nilimwomba. Nilikaa chini macho yetu yakalingana. Nikazungumzia mvua, na theluji pia. Hakuna.

Jioni moja nikashindwa. "Unataka nini?" nilimwambia, na sauti ilikuwa juu. "Nikuletee shehe kila siku? Nisimame mlangoni mwa msikiti nikaombe Mwislamu wa kuazima? Wewe ni Mkatoliki, mama! Rozari hiyo hapo!"

Mama alinigeukia polepole, na kwa mara ya kwanza tangu afike niliona amekasirika kweli.

"Mwislamu? Nani alikuambia Mwislamu?"

"Wewe! Kila siku kisu, kisu, mjomba..."

"Mujomba alikamata kisu juu ya batu ba upande yake bakule na siye. Kama baba yako alichinja, nusu ya batu bangerudi kwabo na njaa, na siye tungebakia na nyama. Nyama ya nini? Ya kula na nani?" Akaipiga meza kwa kiganja. "Hii sufuria yako ni ya siye babili na mulango yenye kufungwa. Haipite ku koo. Miye sikatae. Haipite."

Nilikuwa nimezunguka Hijazi na Damaski na Baghdadi. Nilikuwa nimejua magavana na kodi zao. Mama yangu alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha jikoni miezi yote hiyo, akisikiliza kama kuna mtu atapanda ngazi.

"Huyu mama wa mulango ya mbele," alisema, sasa kwa upole, "anakulaka nini?"

"Sijui, mama."

"Unaishi hapa kutoka lini?"

Miaka ile yote jina la jirani nililijua kwa kulisoma kwenye mlango wake. Nilijua kikohozi chake na kucha za mbwa wake kwenye ngazi, kwa sababu ndivyo vitu nilivyovisikiliza mlangoni ili nisikutane naye.

Kesho yake mchana nilivuka zile hatua chache nikabonyeza kengele. Mlango ulifunguka kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa, na jicho moja la mwanamke mzee likanitazama, chini yake pua ya mbwa. Nikasema kwa Kiswidi kwamba mimi ni jirani, jambo alilolijua, na kwamba mama yangu amekuja kutoka Kongo, na kwamba anauliza kama angependa kuja kula nasi.

"Kuna nini?" aliuliza. "Kuna sherehe?"

"Hapana. Chakula tu."

Alimsogeza mbwa nyuma kwa mguu. Akaniambia anashukuru, lakini yeye hali nyama. Wala samaki. Tangu ujana wake. Alisema kwa aibu, kama mtu anayeomba radhi kwa kuharibu mipango, na nikaona mlango umeanza kurudi.

"Ngoja," nilimwambia. "Usifunge."

Nikarudi kwetu mbio nikiwa nimeacha milango yote miwili wazi. Nikamweleza mama. Nilitegemea acheke, au aseme Mungu wangu, mutu gani hakule nyama wala samaki. Alinyanyuka, akashika ukingo wa meza, akaenda kabatini.

"Loweka maharage," alisema.

Jirani alikuja kesho yake jioni, amevaa blauzi ya kutokea na ameshika chungu cha maua madogo ya buluu. Mama alikuwa amepika mwenyewe, ameketi kwenye kiti mbele ya jiko, ananiamuru kama nilikuwa mtoto wa miaka saba. Palikuwa na maharage, wali, na ndizi za kukaanga kwa mafuta ambayo alinilazimisha kumwonyesha jirani chupa yake, asome mwenyewe kilichomo. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Jirani alimpa mama mkono, akasema jina lake. Mama akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akamkalisha.

Kisha akakunja mikono yake, akangoja. Jirani alinitazama kuuliza kama kuna sala. Nikamwambia hapana, wewe ndiye unaanza. Akachota maharage kidogo kwenye ncha ya kijiko, akaonja. Akachota tena, kijiko kizima. Mama akavuta sahani yake karibu.

Walikula. Mimi nilisahau kula, nilikuwa nawatazama. Mbwa alikuwa amelala kizingitini, nusu kwetu, nusu kwenye ngazi. Sahani ya mama ilipobaki nyeupe aliifuta kwa kipande cha mkate, akakila hicho nacho, akanigeukia.

"Mwambie arudi kesho," alisema. "Nitapika sombe."

"Mama, sombe ina..."

"Bila samaki," mama akasema.